Kwa nyie mnaotaka kuanzisha kundi la VFX kwenye mji wenu

Wadogo zangu wengi wananiuliza jinsi ya kuanzisha kundi la watu wa VFX, yaani wanaoongeza au kubadilisha vitu kwenye video kwa kompyuta, huko waliko, wengine Mwanza, wengine Arusha, wengine hapa hapa Dar, na swali la kwanza karibu wote ni lile lile, tupate wapi ukumbi na tumwite nani mkubwa aje aongee. Mimi nawaambia hayo mawili yasubiri. Muda wote ambao nimekuwa naandaa hizi warsha nimeona watu hawarudi kwa sababu ya mgeni, wanarudi kwa sababu mara ya mwisho walitoka na shoti imekamilika kwenye flashi, hata kama ni ya sekunde nne, wameifanya kwa mikono yao kuanzia kushuti mpaka kurenda, yaani kompyuta kutoa picha ya mwisho. Mtu wa hivyo akifika nyumbani anaonyesha kila mtu na Jumamosi inayofuata anakuja na mwenzake. Ila mkutano wa kusikiliza hotuba na kupiga picha za pamoja, watu wanajaa siku ya kwanza alafu wanaanza kupungua, na hamna atakayekwambia kwanini hakuja.

Kwaiyo cha kwanza tafuta shoti. Moja tu, ndogo, ambayo mtu asiyejua chochote anaweza kuanza saa tatu asubuhi na kuimaliza kabla ya saa kumi. Ninayoipenda mimi ni ya kuweka kitu cha 3D, kilichotengenezwa kwenye kompyuta, juu ya meza halisi, labda mtungi au kikombe, alafu simu inazunguka pole pole na mtungi unakaa pale pale kama ulikuwepo siku zote. Tandika kitenge kwenye hiyo meza. Nasema kitenge kwa sababu kutraki kamera, yaani programu kufuatilia jinsi simu ilivyosogea, kunataka madoa yanayotofautiana rangi, na kile kitambaa kimejaa kona na vidoti ambavyo programu inavishika vizuri sana, wakati meza nyeupe tupu haina pa kushika na mtahangaika nayo mpaka jioni. Kwenye Blender, programu ya bure ya 3D, mnahitaji angalau alama 8, yaani madoa mnayoichagulia iyafuatilie, zinazoonekana kwa pamoja, mkiweka 15 au 20 ni bora zaidi, na ikishapiga hesabu itawapa namba ya kosa kwa pikseli, ikiwa chini ya 1 mnaweza kuendelea, ikiwa chini ya 0.5 furahini, ikiwa 6 au 7 rudini mkatafute ile alama moja iliyoteleza.

Hapa kwenye simu ndo wengi wanakwama na wanadhani wao hawana akili ya haya mambo, kumbe tatizo ni simu. Simu nyingi hazishuti idadi sawa ya fremu, zile picha moja moja zinazounda video, kila sekunde, mwanga ukipungua inapunguza fremu yenyewe bila kukwambia, sasa Blender inahesabu kivyake na video inaenda kivyake na mtungi wako unaanza kuteleza kwenye meza. Dawa yake video ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ni ya bure, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, weka 25. Alafu kabla ya kushuti zima ile ya kutuliza mtikisiko, kwa sababu yenyewe inakata na kusogeza picha kila fremu na hesabu ya lenzi inavurugika kabisa. Na kama mko ndani na taa, shata, ule muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, umeme wetu ni wa hezi 50, ukiweka 1/60 unaweza kupata ile mistari inayopanda na kushuka ukutani na kuitoa baadae ni kazi nyingine kabisa. Haya mtu akielezwa mara moja, dakika kumi tu, anaokoa miezi ya kujichukia.

Programu. Najua kila mtu ana After Effects, programu ya kulipia ya kazi hizi, ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, aliyopewa na jamaa, na sipo hapa kumhukumu mtu kwa sababu malipo ya kila mwezi kwa dola siyo kitu kidogo kwa kijana anayeedit harusi Sinza. Lakini warsha usiijenge juu ya kraki. Moja, zile faili zinakuja na virusi na flashi moja ikizunguka chumba kizima umeharibu laptopu za watu. Mbili, dogo akija kupata kazi na studio ya nje akaulizwa leseni hana cha kujibu. Blender unaweza kuiweka kwenye kompyuta yoyote, kuinakili kwenye flashi, kumpa jirani na kufanyia kazi ya mteja, leseni yake ya GPL inaruhusu yote hayo. Na hii haikushuka tu kutoka mbinguni, mwaka 2002 kampuni iliyokuwa inaimiliki ilifungwa, Ton Roosendaal, yule aliyeianzisha Blender, akawaomba watumiaji wachange, na kwa muda wa kama wiki saba zikapatikana euro 100,000 programu ikanunuliwa na kuachiwa huru. Mimi hii stori huwa naisimulia kwenye kila warsha ya kwanza, kwa sababu watu wanahitaji kujua kwamba kifaa walichoshika kilikombolewa kwa mchango wa watu wa kawaida, na mchango ni kitu tunachokijua vizuri sana hapa kwetu. Kwa kompoziti, yaani kuunganisha picha tofauti ziwe moja, yenye nodi, vile visanduku unavyoviunganisha kwa mistari, kuna DaVinci Resolve ya bure, ndani yake kuna Fusion ya kazi hiyo. Nuke, programu nyingine ya kompoziti, nayo ina toleo la kujifunzia bila malipo ila hilo huruhusiwi kulifanyia kazi ya kulipwa, waambieni watu mapema.

Sasa wiki moja kabla, uliza kila anayekuja laptopu yake ni ipi. Hii usiiruke. Blender kuanzia 4.0 inadai OpenGL 4.3, ule mfumo ambao programu inautumia kuchora kupitia kadi ya picha, na zile laptopu za zamani ambazo wengi wetu tumenunua yuzdi zinagoma hata kufungua, kijana amepanda daladala mbili kutoka Mbagala anafika anaona ujumbe wa kosa kwenye skrini, anakaa pembeni siku nzima anaangalia wenzake. Huyo hatarudi na mimi simlaumu. Toleo la 3.6 linakubali OpenGL 3.3, kwaiyo kama kuna mashine kuukuu wekeni wote 3.6, kila mtu, hata yule mwenye mashine kali ya kuchezea gemu, kwa sababu vitufe vikiwa tofauti kati ya toleo na toleo mwalimu atatumia saa nzima kujibu mbona mimi sioni hiyo. Matoleo ya zamani yote yapo kwenye tovuti ya Blender yenyewe, pakua ya Windows na ya Mac, weka kwenye flashi pamoja na video ya mazoezi iliyoshakatwa kuwa fremu za picha, na faili iliyofika nusu kwa ajili ya atakayechelewa. Usimwambie mtu apakue ukumbini. Bando litaisha, waifai itazidiwa, na asubuhi yote itaondoka hivyo.

Umeme ukikatika je? Utakatika, jipange. Msirende video moja kwa moja, rendeni fremu za PNG, kila fremu faili lake la picha. Shoti ya sekunde nne kwa fremu 25 ni fremu 100, kila moja ikichukua dakika mbili hiyo ni masaa matatu na dakika ishirini, sasa kama mlikuwa mnarenda MP4 na umeme ukaondoka kwenye fremu ya 80 faili mara nyingi halifunguki na mnaanza upya, ila kama ni PNG zile 80 mnazo na mnaendelea na ya 81. Na kuna kitu kizuri zaidi ambacho watu hawakitumii. Unganisheni laptopu zote kwenye ruta moja, hata kama haina intaneti, wekeni folda moja ya pamoja, alafu kwenye sehemu ya matokeo (Output) ya Blender ondoeni tiki ya Overwrite mweke tiki ya Placeholders. Kila laptopu itachukua fremu ambayo haijaguswa na nyingine, mashine nane dhaifu zinarenda shoti moja kwa pamoja. Mashine ikizima katikati inaacha faili tupu la kilobaiti sifuri, mlifute na fremu hiyo itarendwa tena. Siku ya kwanza vijana wanapoona folda inajaa namba kutoka kila upande wa chumba, nakwambia hapo ndo kundi linazaliwa, hakuna hotuba inaweza kufanya hivyo.

Na msisubiri vifaa vikubwa. Isaac Nabwana pale Wakaliga, Kampala, ametengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizounganisha mwenyewe, miale ya moto wa bunduki na damu kaziweka yeye mwenyewe, na waigizaji ni watu wa mtaani kwake. Dunia nzima imemjua akiwa pale pale.

Watu gani muwaalike? Hapa nina maoni yangu na nayasimamia. Msikusanye wanaojiita watu wa VFX peke yao, mtakuwa wachache na mtabishana programu ipi ni bora. Waiteni wapiga video za harusi, wale wanajua mwanga kuliko sisi wote kwa sababu wameshashuti kwenye kumbi zenye taa za kila rangi. Waiteni wanafunzi wa usanifu majengo, kama mko Dar pale Ardhi wapo wengi na 3D wanaifanya kila siku ila hamna aliyewahi kuwaambia inaweza kutumika kwenye filamu. Waiteni wanaofanya mabango Kariakoo, macho yao kwenye rangi ni makali. Mwanafunzi wa usanifu akikaa na mpiga harusi meza moja mnapata mtungi wenye vipimo sahihi na mwanga sahihi, na mimi sijawahi kuona njia ya haraka kuliko hiyo. Na kwa madada, wekeni asubuhi na mmalize kabla giza halijaingia. Vikao vya jioni vinaanza saa moja vinaisha saa nne usiku, alafu watu wanashangaa kwanini chumba kina wanaume watupu.

Kila mkikutana tengeni saa moja ya kupitia kazi. Shoti inachezwa kwenye projekta inarudia rudia, mwenye kazi ananyamaza kwanza, na anayetoa maoni ataje namba ya fremu. Siyo "kaka hii haijakaa poa", aseme "fremu ya 43 kivuli cha mtungi kinaelekea kushoto wakati cha glasi kinaelekea kulia". Kwetu hapa kuna ugumu wake, dogo aliyemwamkia mtu shikamoo mlangoni hawezi kuja kumkosoa mbele ya watu, na ile heshima ni nzuri msiivunje. Njia iliyonifanyia kazi ni mwandaaji kuweka shoti yake ya kwanza kabisa na kuuliza moja kwa moja, nitafutieni fremu tatu mbovu humu. Wakishazoea kutaja namba maneno yanahusu shoti na siyo mtu, na mkubwa anaambiwa bila mtu kuvunjiwa adabu.

Pesa nitaongea kwa kifupi. Mchango uwe mdogo, ashike mtu mwingine siyo wewe kiongozi, na risiti za maji, ekstensheni na ukumbi zitupwe kwenye grupu la WhatsApp siku hiyo hiyo. Ukumbi ulizeni sehemu za sanaa kama Nafasi pale Mikocheni, au shule yenye chumba cha kompyuta ambacho Jumamosi kimefungwa, nendeni na barua na muwaonyeshe ile shoti. Na kazi ya mteja ikija kupitia kundi, kubalianeni mgao kabla ya kuanza na kila mtu apate chake kwenye kile kishika uchumba cha mwanzo. Nimeona makundi mazuri yakifa kwa sababu mmoja alikusanya madogo wakamfanyia roto, ile kazi ya kumkata mtu au kitu kwenye video fremu kwa fremu, usiku kucha kwa jina la kujifunza alafu yeye akalipwa. Roto ni kazi. Ilipwe.

Shoti ya pili fanyeni kitambaa cha kijani, ile ya kumshuti mtu mbele ya kijani alafu programu inakiondoa na mnaweka mandhari nyingine nyuma yake. Nunueni Kariakoo au soko lolote la vitambaa, kisichong'aa, mita nne hivi, na kipigwe pasi usiku wa kuamkia siku hiyo maana kila mkunjo unatupa kivuli na kila kivuli ni kijani kingine ambacho programu itakiacha. Mtu asimame kama mita mbili mbele yake ili ule ukijani usimrudie mabegani, kitambaa kiwe na mwanga wake na mtu awe na wa kwake. Shutini 4K hata kama mtatoa 1080, kwa sababu video ya simu inahifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli zake, na mkipunguza ukubwa baadae kingo za nywele zinarudi kuwa safi. Na wale waliokuja mara ya kwanza wapeni kazi ya kushika taa na kusaidia wageni wa siku hiyo, msiwakalishe tena kwenye viti vya kusikiliza.