Jibu: Kwa nini pete hazichomoki kwenye mnyororo wa polima

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza ni nini kinachozuia pete za polirotaksani, yaani molekuli ndefu ya polima (mnyororo) iliyovishwa molekuli nyingi za umbo la pete, zisichomoke, ilhali hazikuunganishwa na mnyororo kwa kifungo cha kikemia. Siri iko kwenye ncha. Akira Harada na wenzake wa Japani, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1992, walichukua alfa-siklodekstrini, yaani pete ya glukosi 6 itokanayo na wanga, kama huu uliojaa katika mihogo yetu, wakaitunga kwenye mnyororo wa polietilini glikoli, kisha wakaziba kila ncha kwa kundi la dinitrofenili, ambalo halipenyi katika tundu la pete.

Utungaji wenyewe unapendeza kuutazama. Unachanganya miyeyusho miwili maangavu, mmoja wa pete na mwingine wa minyororo, na baada ya muda chombo kinajaa weupe kama maji yaliyooshea mchele, kwa sababu pete zilizokwisha kuuvaa mnyororo hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, yaani mivutano dhaifu kati ya molekuli, na kutuama. Hakuna anayezisukuma, zinaingia zenyewe.

Ukitaka mfano, shanga za karatasi zinazouzwa Kampala, zilizotungwa kwenye uzi, zinafaa, mradi ukumbuke kwamba pete hizi zinaweza kuteleza na kuzunguka. Mwaka 2001 watafiti Okumura na Ito waliunganisha pete za minyororo tofauti, wakapata jeli ambayo viungo vyake hufanya kazi kama kapi: ukiivuta, mnyororo hupita ndani ya pete na mkazo ukagawanyika, badala ya kurundikana kwenye kipande kifupi na kukikata. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili.