Usiguse tarehe ya mfumo mzima kisa kasaa ka kwenye kona

Mkuu acha kwanza, usibonyeze OK. Nimesoma swali lako mpaka pale uliposema kuna video imekuelekeza uingie kwenye mipangilio ya Region ubadilishe tarehe fupi iwe ddd MM/dd/yyyy, yaani jina la siku, halafu mwezi, tarehe na mwaka, ili saa ya Windows pale chini kwenye kona ikuonyeshe na jina la siku. Nikashindwa kuendelea kusoma. Hiyo video naijua, kama siyo yenyewe basi ni pacha wake, maana mimi nilifuata maelekezo hayohayo neno kwa neno na saa yangu ilipendeza kweli, nikapiga na picha kabisa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Ile tarehe fupi siyo ya saa. Ni ya kompyuta nzima, saa inaazima tu kama programu nyingine zinavyoazima. Mimi nilikuwa natunza rekodi za malipo, kila wiki naletewa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, lenye tarehe za kawaida, siku inaanza halafu mwezi. Nikalifungua kwenye Excel kama siku zote. Excel haina kosa hapa, yenyewe inauliza mfumo "huku tarehe mnaandikaje?" na mfumo ukajibu mwezi ndio unaanza, kwa sababu mimi fundi wa saa ndio nilisema hivyo. Basi 07/02/2022, yaani tarehe 7 Februari, ikasomeka 2 Julai. Kimyakimya, hakuna onyo wala rangi nyekundu.

Zile za kuanzia tarehe 13 hazikuwezekana maana hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo zikabaki maandishi tu, zimejibana upande wa kushoto wa seli wakati wenzake wako kulia. Na hapa ndipo akili yangu ilipofanya maajabu. Nikaona hizi za kushoto ndio mbovu, nikakaa usiku mzima nazirekebisha moja moja kwa mkono. Yaani zile zilizokuwa zinalalamika ndio zilikuwa nzima, na zile zilizotulia kulia kwa adabu ndio zimeoza, mimi nahangaika kumtibu mzima, mgonjwa namwangalia tu.

Nikasevu kama faili la Excel, lile la CSV nikalifuta. Tena kwa kujiamini.

Nimekuja kushtuka baada ya miezi, mteja analalamika anadaiwa pesa aliyokwisha kulipa. Nikafungua rekodi, naona amelipa tarehe ambayo hata haijafika. Mtu kalipa kesho kutwa! Nikacheka kwanza, halafu nikaacha kucheka. Nikakimbilia kurudisha mipangilio ya zamani nikidhani kila kitu kitarudi mahali pake, wapi. Excel ikishaipokea tarehe inaihifadhi kama namba, hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, kwa hiyo 2 Julai ikishaingia ni 2 Julai, ukibadilisha fomati unabadilisha nguo tu, mtu ni yuleyule. Ilibidi niombe mafaili upya kwa walionitumia, mengine wameshafuta.

Na yule jamaa wa kwenye video sasa, kaongea dakika kumi, kaomba tumfuate mara tatu, ila sentensi moja tu ya "hii itagusa na programu zako nyingine" imemshinda. Kwenye maoni watu wanalia tarehe zimeharibika, yeye anawajibu kwa kikatuni cha dole gumba.

Unajua kilichoniuma zaidi? Ukiweka mshale juu ya ile saa bila hata kubofya, Windows inakuonyesha tarehe ndefu na jina la siku. Ilikuwepo muda wote. Bure.

Kwa hiyo ukitaka saa ya madoido weka programu yake pembeni, Rainmeter kwa mfano, hiyo inachora saa yake juu ya desktop na haimgusi mtu. Kwenye mipangilio yake unaandika %A unapata jina la siku, %H:%M:%S unapata saa mpaka sekunde. Angalia herufi tu, kule %M kubwa ni dakika na %m ndogo ni mwezi, wakati kwenye Windows ni kinyume, mm ndogo ndio dakika. Mimi niliwahi kukaa asubuhi nzima nashangaa mbona dakika hazitembei, kumbe natazama mwezi.

Sekunde kwenye saa ya kona, kama uko Windows 11, zina swichi yake kwenye mipangilio, yenyewe inakwambia itakula umeme zaidi, washa tu haina madhara kwa tarehe.

Ila kama ulishabonyeza OK kabla hujasoma hapa na kuna faili la tarehe umelifungua, lifunge sasa hivi, likikuuliza usevu sema hapana. Rudisha dd/MM/yyyy kwanza, ndio ulifungue tena.