Saa kwenye tiketi ya basi: andika zote mbili, ya kimataifa na ya Kiswahili

Ndugu, umesema abiria wa Dar–Kigali wanachelewa kwa sababu programu yako inaandika "6:00" nao wanaelewa saa sita mchana. Hawana kosa. Andika "06:00 (saa 12:00 asubuhi)" na usiache neno asubuhi hata nafasi ikibana.

Kasheshe kubwa zaidi ni basi la usiku. Ukiandika "Ijumaa 00:30", wengi watafika kituoni Ijumaa usiku, wakati basi liliondoka tangu usiku uliotangulia. Andika "saa 6:30 usiku wa kuamkia Ijumaa". Ni refu, najua, na mbunifu wako atalalamika. Mwache alalamike.

Tarehe: 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3. Taja mwezi kwa jina na siku ya wiki pia: Ijumaa, 3 Aprili 2026.

Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo muda wa kufika uandikie "saa za Kigali". Kwenye hifadhidata weka UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Ile tofauti ya masaa sita kati ya saa ya kimataifa na ya Kiswahili ipunguze kwenye skrini tu, la sivyo ripoti zako zitavurugika. Na SMS ya kumkumbusha abiria ifuate maandishi yaleyale ya tiketi.