Kiharusi hakisubiri kikao cha ndugu

Huku kwetu Kusini, Mtwara na Lindi, mtu akianguka ghafla, au mdomo ukienda upande, jambo la kwanza ni watu kukusanyika. Anaitwa jirani, anapigiwa simu kaka mkubwa aliyeko Dar, anasubiriwa mjomba atoke shambani. Halafu ndipo mjadala unaanza: ni upepo mbaya, ni jini, amelalia mkono, apakwe mafuta, apelekwe kwa mganga, apelekwe zahanati. Nimeona kikao cha namna hiyo kikimgharimu ndugu yangu mkono na kauli. Baadaye nimeona ndugu mwingine akinusurika kwa sababu kikao kilishafanyika zamani, yeye akiwa mzima na akichangia hoja kama wengine. Kwa hiyo ninawaomba: mambo ya kiharusi yaamueni leo, mkiwa mnakula pamoja na hakuna anayeumwa.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Wengi wetu tunauona kwenye mkono na mguu, tukadhani huko ndiko uliko, tukaanza kukanda. Kinachotokea ni kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umezibwa na bonge la damu, au umepasuka na damu inavujia ndani. Cha kuziba ndicho kinachowapata wengi zaidi. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa palepale. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika inayopita huondoka na seli za ubongo zipatazo milioni 1.9. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye lugha. Ndiyo maana mara nyingi aliyepooza kulia hupoteza na maneno.

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho huko Tandahimba. Ilikuwa msimu wa minada, kila mtu ana shughuli. Aliamka alfajiri mkono wa kulia mzito, kikombe hakishikiki. Mkaza mjomba akasema ameulalia, akaukanda kwa maji ya moto. Jua lilipopanda mdomo ulikuwa umepinda na maneno hayaeleweki, na hapo ndipo likatajwa jini. Akaletwa mtaalamu, akamchanja chale, akamfukiza. Jioni mzee mmoja akasema hospitali. Gari halikuwepo, lililopatikana dereva alitaka fedha mkononi, na fedha ya mnada ilikuwa bado haijaingia benki. Alifika Mtwara siku ya pili, mimi nikampokea getini. Daktari aliuliza swali ambalo silisahau: mara ya mwisho ameonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Kila aliyekuwepo alikuwa na jibu lake.

Simlaumu yeyote katika nyumba ile. Wote walikuwa wanahangaika kumwokoa. Walichokosa ni maelekezo, na maelekezo ya ugonjwa huu hayana ugumu wowote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyashika.

Mwambie mgonjwa atabasamu, aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa uso umelegea? Mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele yake na aishikilie hapo. Je, mmoja unashuka wenyewe? Mwambie aseme sentensi rahisi, kama vile “leo nimekula ugali na kisamvu.” Je, anakokota maneno, anachanganya, au anakutazama tu? Moja kati ya hayo likiwepo, tena limekuja ghafla, basi ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Angalia saa na uandike mahali. Kama aliamka nacho usingizini, andika saa aliyokwenda kulala akiwa mzima, kwa sababu madaktari huhesabu kuanzia hapo.

Zipo dalili nyingine zinazotupita kirahisi: jicho moja au yote kuingia giza ghafla, kufa ganzi upande mmoja wa mwili, kizunguzungu cha kuyumba kama mlevi wakati hajanywa, au kichwa kuuma kwa kishindo kuliko kilivyowahi kuuma. Neno la kushika ni hilo “ghafla”. Mkono unaouma taratibu wiki nzima baada ya kupalilia una maelezo yake. Mkono uliokuwa mzima saa mbili na saa mbili na nusu haunyanyuki, hauna maelezo ya shambani.

Mgonjwa akiwa katika hali hiyo msimpe chochote mdomoni. Najua hili ni gumu katika nyumba zetu, kwa kuwa huruma yetu ya kwanza ni uji au maji. Kiharusi huharibu kumeza, na uji ule unaweza kuingia kwenye mapafu. Msimmezeshe vidonge vya presha vya jirani, maana presha ikishushwa kwa pupa ubongo unaweza kuzidi kukosa damu. Aspirini pia msimpe nyumbani: inasaidia mshipa ulioziba, lakini inaongeza hatari kama mshipa umepasuka. Kwa macho huwezi kutofautisha aina hizo mbili, hata uwe umesomea. Kinachotofautisha ni picha ya kichwa, CT Scan. Mlazeni ubavu kama anatapika au amepoteza fahamu, mlegezeeni nguo shingoni, na safari ianze. Chale, mafusho na kukanda vyote vinakula muda ambao hautarudi. Kama familia ina imani yake, dua isomwe ndani ya gari.

Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Haipatikani kila hospitali, na kutoka Liwale wakati wa masika saa nne na nusu zinaweza kuishia barabarani. Hiyo isiwe sababu ya kusema basi, tumeshachelewa. Anayefika mapema hupimwa sukari, maana sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi. Huangaliwa kama anameza salama, presha yake husimamiwa na watu wanaoijua, na mazoezi ya viungo huanza mapema. Mambo hayo peke yake huokoa watu.

Sasa nirudi kwenye kikao. Baada ya yaliyompata mjomba, tulikaa nyumbani kwa mama, Mikindani, wakubwa na vijana. Tulikubaliana kwamba aliye karibu na mgonjwa ndiye mwenye uamuzi, hata kama ni binti wa sekondari. Asisubiri ruhusa ya mjomba, ya baba wala ya kaka aliyeko Dar. Simu za kuwajulisha zipigwe mkiwa njiani. Kila nyumba iwe na namba za madereva wawili wa gari au bajaji wanaokubali kutoka usiku. Pikipiki haifai kwa mtu ambaye upande mmoja hauna nguvu. Fedha ya nauli ya dharura iwe kwenye simu ya mtu mmoja anayejulikana na isiguswe kwa ada wala kwa harusi. Kadi ya bima na daftari la kliniki vikae mahali pamoja.

Tukaamua pia mtu aende wapi. Kwa Mtwara mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Walioko Lindi wanayo Sokoine. Ukanda wa Masasi kuna Mkomaindo na Ndanda, na Nyangao iko kwenye barabara ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Nendeni mkaulize kabla hamjafikwa na shida: CT Scan ipo wapi, inafanya kazi, na usiku kuna mtu wa kuiendesha? Mkiwa wazima mtajibiwa kwa utulivu na mtapanga. Aliye mbali apitie kituo cha afya cha karibu ikiwa kiko njiani na kina gari la wagonjwa, ila aseme neno “kiharusi” mara tu afikapo mapokezi, asikae foleni.

Haukupita muda mrefu tukauhitaji uamuzi ule. Mama mdogo alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamponyoka, akaanza kusema maneno yasiyoungana. Baada ya dakika chache akarudi sawasawa. Akasema, “Mwanangu, nimeshapoa, niache nipike.” Kijana wake alimheshimu mama yake kwa kila neno isipokuwa hilo moja, akamwita dereva wa bajaji na wakaondoka. Hospitali walimwambia kile kilikuwa kiharusi cha muda mfupi: mshipa uliziba kisha ukaachia. Presha yake ilikuwa juu sana, naye hakuwa amepima tangu alipozaa mtoto wake wa mwisho. Kiharusi cha namna hii ndicho tunachokipuuza kuliko vyote kwa sababu kinaondoka chenyewe, na hatari ya kile kikubwa kufuata ni kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo na wiki ya kwanza. Leo mama mdogo anatumia dawa na anapika.

Presha ndiyo mzizi mkuu wa maradhi haya, na haina sauti. Msisubiri kichwa kiume au moyo uende mbio. Ikisoma 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, tena kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa. Ukienda kupima, kaa umetulia kama dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inafanya kazi. Ukifika unahema baada ya kupanda kilima kwa baiskeli, utapata namba ya baiskeli.

Mjomba alikuwa na vidonge vya presha, akaviacha kwa kuwa alijisikia mzima. Nimesikia maneno hayohayo Chikongola, Nanyamba na Mingoyo. Dawa ya presha haifanani na dozi ya malaria inayokwisha homa ikipoa. Kujisikia mzima si dalili kwamba presha imekwisha. Ikikuletea kuvimba miguu au kikohozi, mwambie daktari akubadilishie. Zipo za aina nyingi.

Upande wa chakula Kusini imejaaliwa, na ninasikitika tunapoiga vya mijini. Kisamvu, mbaazi, mlenda, samaki wa siku hiyo kutoka feri, embe na machungwa ya msimu: hayo ni chakula cha kulinda mishipa. Kinachotuharibia ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile iliyomo ndani ya samaki na mkate. Ng'onda na papa, samaki wetu waliokaushwa kwa chumvi, waloweke, umwage maji, uloweke tena, halafu usiongeze chumvi kwenye mchuzi. Chumvi isikae mezani. Korosho zenyewe ni chakula kizuri, lakini zile za njiani zilizokaangwa zikanyunyiziwa chumvi hadi zinang'aa, wenye presha waziache.

Uraka na nipa, pombe zetu za mabibo, nazitaja kwa uzito wake. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakianza kuanguka, wapo wanaokunywa kuanzia asubuhi hadi msimu uishe, na pombe nyingi hupandisha presha na hufungua njia ya kiharusi. Sigara huharibu mishipa moja kwa moja, na ugoro wa bibi zetu nao si salama. Kutembea nusu saa kwa haraka, siku tano kwa wiki, kunatosha kwa mtu wa mjini anayepanda bodaboda hata kwenda dukani. Mkulima anayelima kila siku hahitaji kuhimizwa. Yeye apimwe presha na sukari tu.

Wala msidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa selimundu (sickle cell) anaweza kupata kiharusi, na mjamzito mwenye presha ya juu yuko hatarini, kwa hiyo kliniki ya ujauzito isikoswe. Mtoto au kijana akionyesha dalili zile za uso, mkono na maneno, mbio ni zilezile.

Kwa wakulima wenzangu lipo jambo la kalenda. Vidonge vingi huachwa kati ya Februari na Juni, wakati fedha ya korosho imeshakwisha, na kliniki hurukwa tena wakati wa kupulizia mikorosho salfa. Malipo ya minada yakiingia, kabla ya bati na kabla ya pikipiki, toeni fedha ya dawa ya kufika msimu ujao, au lipeni bima ya afya ya mwaka mzima. Mjomba sasa tunamtengea hivyo. Mkono wake wa kulia bado mzito, lakini kwa mazoezi ya kila siku amerudi kutembea na fimbo, na maneno yanarudi polepole. Dawa anazimeza kila asubuhi baada ya uji, na mkaza mjomba ndiye anayezihesabu. Zikibaki za wiki moja, ananipigia simu ninunue nyingine mjini.