Maswali na Majibu: Konekta ya Kebo Inayofungwa kwa Spana Moja

Barua nyingi zilizonifikia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe mara hii zinahusu jambo moja, yaani mahali ambapo kebo mbili zinakutana. Nimechagua chache, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu majibu ya nyingine yote yanaiegemea.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa umeme hapa Mbeya. Kwa kazi yangu ya mradi ninabuni konekta ya kuunganisha kebo ya alumini ya milimita 16 za mraba na ya shaba ya milimita 10 za mraba, ambayo fundi ataifunga bila mashine ya haidroliki. Nimechora bomba fupi la brasi lenye skrubu nne. Mwalimu wangu wa darasani alipouona mchoro alisema, “Leo itashika, mwakani itaungua.” Nimekosea wapi?

Marahaba, kijana wangu. Mwalimu wako amesema kweli, na kosa haliko kwenye idadi ya skrubu. Wengi hudhani kwamba metali mbili zikilazwa pamoja, umeme hupita kwenye eneo lote tunaloliona limegusana. Uso wa metali, hata ukiupiga msasa mpaka ung'ae, una vilima na mabonde kama safu ya Uporoto ukiitazama kutoka Uyole, na kinachogusana ni vilele vichache tu. Mkondo wote hujisonga kupita hapo. Ukiongeza nguvu ya kubana, vilele vya mwanzo hupondeka, vingine hufikiwa, na ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo, hushuka. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta ni nguvu ya kubana, wala si ukubwa wa bomba.

Alumini inaongeza matatizo mawili. La kwanza ni utando wa oksidi ambao hujitengeneza mara tu metali inapokutana na hewa. Unene wake ni sehemu chache za milioni za milimita, lakini ni mgumu na haupitishi umeme. Ndiyo maana fundi husugua nyuzi kwa brashi ya waya kisha akazipaka grisi maalumu papo hapo, na ndiyo maana ndani ya konekta yako panapaswa kuwa na meno makali ya kuuvunja utando huo wakati wa kukaza. Ukimwachia fundi kazi ya kusugua peke yake, siku ya mvua atairuka. Meno hayasahau.

Tatizo la pili ndilo litakalotimiza utabiri wa mwalimu wako. Alumini ikibanwa kwa muda mrefu hupungua unene polepole kama mshumaa uliofungwa kwenye jiliwa, na joto huharakisha jambo hilo. Zaidi ya hapo, metali hazitanuki sawasawa: kwa kila nyuzi moja ya joto alumini hutanuka sehemu 23 za milioni, shaba 17, na chuma 12 hivi. Chukua bolti ya chuma ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, inayobana alumini yenye unene wa milimita 10, kisha joto lipande nyuzi 60. Alumini itaizidi bolti kwa karibu sehemu 7 za elfu za milimita. Utasema hizo ni kitu gani? Bolti hiyo ikikazwa kwa nguvu ya niutoni 5,000, urefu wote inaovutika katika milimita 10 ni kama sehemu 12 za elfu tu! Maana yake, kila jioni mkondo unapopanda, nguvu ya kubana huongezeka karibu nusu na kuiponda alumini, na usiku mambo yanapopoa kinachobaki ni pungufu ya kilichokuwapo asubuhi. Mizunguko mia tatu ya namna hiyo hutosha kulegeza bolti ambayo haijaguswa na mtu. Nyumba nyingi za Marekani zilizofungwa nyaya za alumini kati ya 1965 na 1973 zilipata matatizo ya maungio kuungua kwa sababu za namna hii, na si kwa sababu nyaya zenyewe zilikuwa mbovu.

Sasa rudi kwenye mchoro wako ubadilishe mambo manne. Mwili usiwe wa brasi bali wa aloi (mchanganyiko) ya alumini iliyopakwa stani, yaani madini ya bati, ili utanuke pamoja na kebo kubwa, na stani iilinde pale shaba inapoingia. Kila kebo iwe na chumba chake chenye ukuta katikati, kwa kuwa shaba na alumini hazipaswi kugusana moja kwa moja. Chini ya kila bolti weka kibao kidogo cha kubania, kwa sababu ncha ya skrubu inayozunguka juu ya nyuzi huzikata. La mwisho, weka washa ya springi yenye umbo la sahani, ile inayoitwa Belleville kwa jina la Mfaransa aliyeisajili mwaka 1867. Washa hiyo hujikunja na kujikunjua kwa sehemu za kumi za milimita, kwa hiyo sehemu 7 za elfu haitazihisi. Ikiwa utaweza kuweka kitu kimoja tu kati ya vinne, weka springi.

Mimi ni mama mwenye mashine ya kusaga nafaka Uyole. Kebo iliungwa mwaka jana karibu na swichi kubwa. Jioni wateja wakiwa wengi, pale penye maungio panatoa harufu ya plastiki na tepu imekuwa nyeusi. Fundi anasema ni kawaida kwa sababu mota ni kubwa. Je, ni kawaida?

Hapana mama, si kawaida, na ninakuomba mashine isimame mpaka maungio hayo yafunguliwe umeme ukiwa umezimwa.

Mota ya kilowati 15 ya njia tatu huvuta takriban ampia 30. Joto linalozalishwa kwenye maungio ni mkondo uliozidishwa kwa wenyewe kisha kwa ukinzani. Maungio mazuri yana ukinzani usiozidi ule wa kipande cha kebo chenye urefu uleule, kwa hiyo hayawezi kuwa ya moto kuliko kebo yenyewe. Maungio yaliyolegea yakafikia sehemu moja ya kumi ya omu hutoa wati 90, yaani balbu kubwa ya zamani imefungiwa ndani ya tepu. Plastiki ya PVC inayofunika kebo imetengenezwa kustahimili nyuzi 70 tu. Mota itaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu, kwa sababu inapoteza volti 3 tu hapo, na hilo ndilo linalowadanganya mafundi wengi. Mita haitakuonyesha hatari hiyo, lakini pua yako imekwisha kukuonyesha. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Akate sehemu yote iliyoungua, maana nyuzi zilizobadilika rangi hazifai kubanwa tena.

Ndugu mwandishi, nafanya kazi za umeme vijijini Njombe. Mwezi wa saba vidole vinakufa ganzi. Konekta nyingi zina nati, washa na vibao ambavyo vikidondoka kwenye majani havionekani tena. Je, wabunifu hawalijui hili?

Wengine wanalijua na wengine, nadhani, hawajawahi kupanda ngazi asubuhi yenye umande wa baridi. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilidondosha washa moja kwenye shamba la pareto, na kwa kuwa sikuwa na nyingine nilifunga bila washa. Sijivunii jambo hilo, ila linaeleza kwa nini ninasema kwamba sehemu iliyo huru ni sehemu itakayokosekana. Konekta inapaswa kutoka dukani ikiwa imekamilika: bolti imekwisha kuingizwa lakini haitoki yote, washa imeshikiliwa chini yake, grisi imekwisha kupakwa ndani, na tundu liwe pana mdomoni ili nyuzi zijielekeze zenyewe. Fundi achubue kebo, asukume, akaze. Urefu wa kuchubua uchorwe kwenye ubavu wa konekta yenyewe, kwa sababu karatasi ya maelekezo hupeperuka kabla ya washa kudondoka.

Kuhusu kiasi cha kukaza, kuna bolti ambayo kichwa chake hukatika kikifika nguvu iliyowekwa, na kwangu mimi ni moja ya fikra nzuri sana katika kazi hii. Bisibisi mkononi hutoa niutoni mita 2 au 3, wakati bolti ya M6 inahitaji kama 6 ili ibane kwa karibu uzito wa nusu tani. Fundi mmoja atakaza kidogo kwa kuogopa kuvunja, na mwenzake atatia bomba kwenye mpini wa spana. Bolti ya kukatika huwafanya wote wawili wafikie mahali pamoja, na anayekuja kukagua ataona kwa macho kwamba kichwa hakipo, basi kazi imekamilika. Mbunifu achunge mambo mawili. Hesi, yaani mikato ya mzunguko kwenye bolti, zipakwe mafuta kiwandani, kwa sababu msuguano ukibadilika, kichwa hukatika palepale lakini nguvu ya kubana huwa nyingine kabisa. Pia mkatiko uishie ndani ya mwili wa konekta, la sivyo ncha iliyobaki itatoboa mpira wa kufunikia.

Mimi ni fundi wa Mafinga. Kuna ubaya gani nikisokota nyaya vizuri na kutia tepu? Na je, nikizilehemu kwanza kisha nikaziweka chini ya skrubu?

Kusokota hakuna kitu kinachoendeleza nguvu ya kubana, na tepu huzuia mguso wa mkono tu. Katika viwanda vya mbao vya kwenu mtikisiko wa mashine humalizia kazi hiyo. Kulehemu kabla ya skrubu kunadanganya zaidi, kwa sababu lehemu ni laini na hupungua unene ikibanwa hata kuliko alumini, na baada ya miezi kadhaa skrubu huzunguka kwa kidole.

Huku Tukuyu mvua haituachi. Nimeona maungio ya shaba na alumini yakitoa unga mweupe. Ni nini, na konekta ifungwe kwa namna gani?

Unga huo ni alumini inayoliwa. Metali hizo mbili zikiwa na maji katikati huwa kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Hata tone linalopita juu ya shaba kisha likadondokea alumini hubeba chembe za shaba na kuanzisha shida hiyo, kwa hiyo maungio yakiwa wima, alumini ikae juu na shaba chini. Kwa mbunifu, usitegemee kuzuia maji kwa ugumu wa kifuniko peke yake. Konekta ikipoa usiku huvuta hewa yenye unyevu ndani, na kwenu hewa yote ina unyevu. Ni bora nafasi zote tupu zijazwe grisi au jeli, mpira wa sili ukumbatie plastiki ya kebo badala ya nyuzi, na kebo ipewe mkunjo kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia, ili maji yadondokee hapo. Maungio yanayofukiwa ardhini yana masharti makali zaidi, nami nisingeyafunga kwa konekta ya kawaida hata ikiwa imejazwa jeli.

Tuna karakana ndogo Iringa yenye mashine ya kukereza. Tunaweza kutengeneza konekta hizi na kuzipima wenyewe kabla ya kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania?

Kutengeneza za majaribio mnaweza. Msitumie alumini ya kuyeyusha masufuria chakavu, kwa kuwa hamjui kilichomo ndani yake, bali nunueni nondo ya aloi inayojulikana.

Kipimo cha kimataifa, IEC 61238-1, hupasha moto na kupoza maungio mara 1,000 pamoja na kuyapitishia mikondo ya shoti. Mkipasha saa moja na kupoza saa moja, hiyo ni mizunguko 12 kwa siku, yaani karibu miezi mitatu, na haina njia ya mkato. Mashine ya kuchomelea ya zamani yenye transfoma inaweza kuwapa mkondo, mradi msiipitishe uwezo wake na pawe na mtu wa kuiangalia. Unganisheni konekta sita na kipande cha kebo kisichokatwa katika mzunguko mmoja, kisha pimeni joto la kila kimoja. Konekta isiwe ya moto kuliko kebo, na joto lake lisiwe linapanda wiki hadi wiki. Mbeya, iliyo kwenye mita kama 1,700, na hata kwenu Iringa, hewa ni nyepesi kidogo na hupoza kidogo kuliko pwani. Tofauti si kubwa, ila inawapa kipimo kikali zaidi kidogo.

Ukinzani pimeni kwa betri ya gari na balbu mbili za taa kubwa za wati 55, ambazo zitavuta ampia 9 hivi. Sentimita 10 za kebo ya alumini ya milimita 16 za mraba zitaonyesha takriban milivolti 1.7 kwenye mita. Konekta yenye urefu huo ikionyesha milivolti 5, irudisheni mezani hata kama haijawa ya moto.

Bolti ikishakatika kichwa, naweza kuifungua konekta na kuitumia tena?

Huwezi. Kata kebo, weka mpya. Hivyo acha kebo ya ziada yenye urefu wa kiganja kila unapounga.