Vifurushi viondolewe kabla ya kuunda imeji, si baada ya kuiweka kwenye ruta

Ndugu uliyeuliza kwa nini umefuta vifurushi (programu ndogondogo) sita kwenye ruta yako ya TL-WR841N yenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na nafasi haijaongezeka: jambo hilo lilinisumbua na mimi. Vifurushi vinavyokuja ndani ya imeji, yaani faili moja lenye mfumo mzima, hukaa kwenye squashfs, sehemu iliyobanwa ambayo husomwa tu na haiandikiki, kwa hiyo unapovifuta mfumo huweka alama ya kufutwa katika sehemu inayoandikika, na hapo nafasi inapungua badala ya kuongezeka.

Kazi ya kupunguza hufanyika kwenye kompyuta, kwa kutumia Image Builder, zana ya OpenWrt ya kuunda imeji, ya toleo la 19.07, toleo la mwisho kwa ruta zenye fleshi (hifadhi ya kudumu) ya MB 4 na RAM ya MB 32. Hukompaili kitu, yaani hugeuzi msimbo kuwa programu; vifurushi viko tayari, wewe unachagua tu. Kwa kuwa ruta yangu hupokea intaneti kwa kebo kutoka kwenye modemu nyingine, sikuhitaji PPPoE (kuingia intaneti kwa jina na nywila za mtoa huduma), nikaandika:

make image PROFILE=tplink_tl-wr841-v9 PACKAGES="luci -ppp -ppp-mod-pppoe"

Alama ya kistari kabla ya jina maana yake ni "usikiweke"; luci ni kurasa za kuendeshea ruta kwenye kivinjari. Hiyo v9, toleo la ruta yenyewe, isome kwenye kibandiko cha chini ya ruta, usikisie.

Imeji yangu ya kwanza iliingia, lakini kila umeme ulipokatika nywila ilifutika na Wi-Fi ikazimika, nami nikailaumu adapta ya umeme siku nne nzima. Siku ya tano nikafungua dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, nikakuta "Too few erase blocks" (bloku za fleshi ni chache mno). Jffs2, inayohifadhi mipangilio, hudai angalau bloku 5, na mimi sikuwa nimeziacha, hivyo kila nilichobadilisha kilikaa kwenye RAM, ambayo hufutika umeme ukikatika. Nilitoa luci (kurasa zake ni nzuri, lakini SSH, yaani kuandika amri kutoka kwenye kompyuta, inanitosha), nikaongeza -ip6tables, -odhcp6c na -odhcpd-ipv6only kwa sababu mtandao wangu hautumii IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), na tatizo likaisha.

Kama ruta bado ina mfumo wa kiwandani tumia faili la factory. Kama tayari ina OpenWrt, la sysupgrade. Ikishawaka, andika amri ya mount kwenye ruta: ukiona overlayfs:/overlay mipangilio itabaki, ukiona overlayfs:/tmp/root rudi ukapunguze tena.