Maswali yenu: Vyuma vikikaza, nyumba zinashuka bei?

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja, hela imepotea mtaani, je nyumba Dar zitashuka? Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Nina milioni 60 mkononi, natafuta nyumba Goba au Madale. Watu wanasema hali ikizidi kuwa ngumu bei zitaanguka. Nisubiri? (Baba wa wawili, Tabata)

Unasubiri bei ya nani kaka? Kuna bei anayoitaja muuzaji na kuna bei inayolipwa siku mnasaini kwa mwanasheria, na wengi wenu mnaangalia ile ya kwanza tu. Vyuma vilipokaza 2016 na 2017 nyumba nyingi za huku kwetu hazikushuka kwa kutajwa, ziliganda. Mtu kajenga miaka kumi kidogokidogo, mwaka huu tofali, mwakani bati, akipata mafao anapiga plasta, hana benki inayomgongea mlango, sasa auze kwa hasara kwa nini? Anaiacha tu hapo.

Kuna pagale moja Goba nimepita tena mwezi uliopita, zamani nilienda na rafiki yangu kulinunua, mzee mwenye nalo alitaka milioni 40, jamaa akapanda mpaka 33, mzee akagoma kabisa. Sasa hivi mpapai umeota sebuleni mpaka umepita linta, nondo zilizoachwa juu ya nguzo zimeliwa na kutu, na mzee bado anasema 40. Ukimsikiliza utasema bei haijashuka, lakini 40 ile na 40 ya leo si hela moja, mfumuko wa bei hata ukiwa asilimia 4 tu kwa mwaka, baada ya miaka mitano bei iliyosimama imeshapoteza karibu moja ya tano ya thamani. Hivyo ndo nyumba zinavyoshuka kwetu, kimyakimya, na hakuna atakayekuja kukutangazia.

Kwahiyo usisubiri soko, tafuta mtu. Mtumishi aliyehamishiwa Dodoma, warithi wanaotaka kugawana, mfanyabiashara aliyekwama. Hela yako ni taslimu, hiyo ndo nguvu yako, ongea kwa heshima na taja unachoweza. Nyumba ya mirathi usiiguse mpaka uone barua ya usimamizi wa mirathi ya mahakama, muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, nimeona mtu akiletewa mtoto wa marehemu asiyemjua miaka minne baada ya kuhamia. Na ukikuta mtu anauza kwa sababu ana mgonjwa hospitali, nakuomba usimkamue.

Marekani 2008 nyumba ziliuzwa nusu bei. Kwa nini huku isitokee? (wameuliza watano)

Hili nimejibu mara nyingi sana jamani, someni. Kule watu walikopeshwa nyumba hata wasio na kipato cha kulipa, riba zikapanda wakashindwa, benki zikachukua nyumba na kuzimwaga sokoni kwa mpigo. Kwa nchi nzima bei zilianguka zaidi ya robo kutoka kilele cha 2006 mpaka 2012, Las Vegas zaidi ya nusu. Tanzania mikopo yote ya nyumba ukiijumlisha haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, sheria yenyewe ya mikopo ya nyumba ni ya 2008, na TMRC inayozipa benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu imeanzishwa 2010. Watu wetu hawakukopa, kwahiyo hakuna wa kuwalazimisha kuuza wote siku moja. Acheni kuchukua habari za Las Vegas mkapangia maisha ya Chanika.

Apatimenti yangu Mikocheni nilikuwa napangisha dola 900, iko wazi miezi saba, wanaokuja wanataka kunipa thamani ya 700. Nishushe?

Shusha leo. Miezi saba mara 900 ni dola 6,300 zimeshaondoka. Ungekubali ya 700 tangu siku ya kwanza ungepoteza 200 kwa mwezi, ingekuchukua zaidi ya miezi 31 kufikia hasara uliyonayo sasa hivi. Uchumi ukiyumba kodi ndo inatangulia kushuka, kwa sababu mpangaji anahama na begi lake, nyumba haihami. Alafu ondoa hilo tangazo la dola, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni, weka shilingi. Na ukidai kodi ya mwaka mzima mbele kipindi hiki unafukuza wapangaji wazuri, chukua miezi mitatu mtu akae.

Kiwanja Kigamboni kitapanda bei?

Kigamboni ipi, Kibada au Pemba Mnazi? Uliza vizuri.

Nyumba za mnada wa benki naona ni rahisi sana sasa hivi. Niingie? (Mama Biashara, Mbagala)

Dada yangu, hapa ndo naomba utulie unisikilize. Hali ikiwa ngumu wafanyabiashara wanashindwa mikopo na matangazo ya mnada yanajaa magazetini, na ndo nyumba pekee ambazo kweli zinaanguka bei. Ila bei ya chini sana ni hatari yenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema mkopeshaji akiuza kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei za mali kama hiyo sokoni, inachukuliwa amekiuka wajibu wake mpaka yeye athibitishe vinginevyo, kwahiyo umempa mwenye nyumba sababu ya kwenda mahakamani. Hapo bado mke hajaja kusema hakuwahi kuridhia rehani ya nyumba ya familia, na hiyo kesi naijua, inakula miaka. Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, lakini kulindwa kwenye karatasi ni kitu kimoja na kumtoa mtu ndani ya nyumba yake ni kitu kingine.

Kawaida utaambiwa ulipe asilimia 25 nyundo ikigonga na iliyobaki ndani ya siku 14, ukishindwa ya kwanza imekwenda. Kwahiyo kabla ya siku hiyo fanya sachi ya hati, yaani ukague ofisi ya ardhi imeandikwa jina la nani, nenda serikali ya mtaa, kaa na majirani uwasikilize wanavyoongelea ile nyumba. Ukikuta ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, geuza.

Napanga kwa laki 4, mwenye nyumba ananiuzia milioni 80, benki wananipa zote kwa riba ya asilimia 17 miaka 20. Nichukue?

Rejesho litakuwa kama milioni 1 na elfu 170 kila mwezi, mpaka umalize umelipa zaidi ya milioni 280. Karibu mara tatu ya kodi yako, na ajira ndo hizi zinayumba. Hapana. Tafuta kiwanja chenye hati, jenga chumba na sebule uhamie.

Dalali anasema kuna mtu anakuja kesho na hela yote.

Mwache aje.

Kuna nyumba Kimara, karibu kabisa na barabara kuu, bei nusu ya majirani wa ndani. Ni sababu ya uchumi?

Hapana! Mwaka 2017 nyumba kuanzia Kimara mpaka Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara ya Morogoro, bila fidia, watu walilala nje na makabati yao. Nenda TANROADS na ofisi ya ardhi Ubungo ukaulize mpaka wa hifadhi unaishia wapi, alafu rudi na futi kamba upime mwenyewe kutoka katikati ya barabara mpaka kwenye huo ukuta, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.